Asante Hailipi Nauli ya Mbale

Tuanze na lile neno tunalolipenda: "kama". Yeye ni kama mmoja wetu. Ni kama dada yetu. Mama anamwona kama mtoto wake. Nimelisikia neno hili katika nyumba nyingi hapa Nairobi ambamo mzazi ameanza kuzeeka na ameletwa mwanamke kutoka mbali kumtunza. Linasemwa kwa upole, mara nyingi mwenyewe akiwa hapo hapo, amebeba trei ya chai. Na kila nikilisikia, natamani kuuliza swali moja lisilo na adabu: mnamlipa ngapi?

Mtu wa familia haombi ruhusa kwenda kanisani Jumapili. Akiumwa na jino anapelekwa hospitali, haambiwi ameze Panadol asubiri mwisho wa mwezi. Anakula mezani na wengine. Shamba likigawanywa, jina lake limo. Huyu wetu wa "kama" hana hata kimoja katika hivyo. Undugu wake unakumbukwa saa nane usiku, mzee akijisaidia kitandani.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi watu wazuri: shukrani kwa mtu anayemtunza mzazi wako ni kitu cha kuhesabika. Ina shilingi ndani, ina siku ya kupumzika, ina karatasi yenye sahihi mbili. Ukimwaga machozi ukimshukuru na hivyo vitu vitatu havipo, umepata tu njia nzuri ya kutolipa.

Kazi yenyewe naiona kila siku. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ana miaka 66. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Mimi naandikia watu huku na huku, kwa hivyo niko kwa nyumba, Umoja, mchana kutwa, nikibonyeza kompyuta na kungoja wateja walipe. Chumba cha pili yuko Mama, na pamoja naye yuko dada kutoka upande wa Mbale, Uganda. Jina lake sitaliandika. Ni lake, na mtandao hausahau.

Wanaoita kazi hii "kukaa na mgonjwa" hawajawahi kukaa. Mtu asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo ngozi ya mgongo na makalio inaoza akiwa hai. Uji hauwezi kuwa mwepesi, kwa sababu aliyepooza koo hupaliwa kwa urahisi na kile alichokunywa kinaishia mapafuni. Presha inapimwa asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye daftari. Vidole vya mkono uliolala vinafunguliwa kimoja kimoja, vinanyooshwa, vinaachiliwa, halafu vinafunguliwa tena. Kumtoa kitandani hadi kwenye kiti kuna ufundi wake: leso inazungushwa kiunoni, goti la mtunzaji linazuia goti la mgonjwa, wanahesabu pamoja, wanainuka pamoja. Kuna muuguzi aliyekuja kumwona Mama siku moja, akamtazama dada akifanya hivyo, akamuuliza amesomea wapi. Alijibu kwamba alimuuguza nyanya yake.

Kuna na jambo lingine ambalo hakuna muuguzi angetuletea. Kiharusi kilimnyang'anya Mama Kiingereza chote na karibu Kiswahili chote, yeye aliyefundisha vyote viwili kwa zaidi ya miaka 30. Kilichobaki ni Kibukusu, lugha ya utoto wake huko Bungoma. Mimi ni mtoto wa Nairobi. Nikishasema "mulembe" naanza kutafuta maneno. Lakini dada ni Mgisu, na Wagisu na Wabukusu ni watu wa mlima mmoja, ule ambao ramani zinauita Elgon na wenyewe wanauita Masaba. Wanaelewana bila mkalimani. Hata tohara ya vijana wao ina asili moja. Mpaka unaowatenganisha ulichorwa na watu ambao hawakuwauliza: mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa mzima wa mashariki wa Uganda wakauunganisha na nchi iliyokuja kuitwa Kenya.

Kwa hiyo katika nyumba yetu mtu pekee ambaye Mama anaweza kumpigia hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho ni huyo anayeitwa mgeni. Anamwita Mama "Mayi". Mchana nawasikia kupitia ukuta wakicheka kitu, na siwezi kujua wanacheka nini. Hebu niambie, kati yangu na yeye, mgeni ni nani?

Sasa uliza kazi hiyo mtaani inaitwaje. Mboch. Na bei yake? Utasikia saba, nane, wengine kumi wakijiona wakarimu kupindukia. Mweleze mtu kwamba hiyo ni kuvunja sheria, atakuangalia kama umemtukania mzazi.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na hata ningemaliza singekuwa wakili. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 iko mtandaoni bure, na kusoma najua. Inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inasema baada ya mwaka apate likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Kifungu cha 5 kinamtaja kwa jina mfanyakazi mhamiaji aliye nchini kihalali, na kutaka apewe usawa. Kisha kuna amri ya mishahara: Novemba 2024, kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba.

Soma hapo tena. Bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Ile hoja ya "lakini analala kwetu, anakula kwetu" inakufia hapo. Kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi pa kulala au pesa za kutosha kukodi. Kitanda ni wajibu wako juu ya mshahara. Na tuseme ukweli, kile kitanda kiko chumbani kwa mgonjwa ili akikohoa mtu aamke. Sijui ni wapi kwingine mfanyakazi anakatwa pesa kwa kulala kazini zamu ya usiku.

Na hiyo 16,113.75 ni bei ya kufagia na kufua. Bado hujamweka mtu wa kilo 70 mikononi mwake saa nane za usiku.

Sasa twende Uingereza kidogo, maana sehemu kubwa ya pesa za nyumba yetu inatoka huko. Dada yangu mkubwa anafanya kazi katika makao ya wazee kaskazini mwa nchi hiyo. Anaogesha mama za watu. Anawalisha, anawageuza, anawabadilisha. Ile kazi inayofanywa chumba cha pili hapa Umoja ndiyo kazi yake, ila yeye ana glavu za kutosha na mashine ya kuinulia.

Uingereza ni nchi iliyoonyesha ulimwengu jinsi ya kushukuru bure. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, kuanzia tarehe 26 Machi watu walitoka milangoni kila Alhamisi saa mbili usiku kuwapigia makofi wauguzi na watunzaji. Wengine walipiga sufuria. Ilipendeza kwenye televisheni. Wakati huo huo, wafanyakazi wa afya waliotoka nje walikuwa bado wanatozwa ada ya paundi 400 kwa mwaka ili waruhusiwe kutibiwa katika mfumo ule ule waliokuwa wakiutumikia. Iliwachukua wakubwa hadi Mei, baada ya kelele nyingi, kukubali kuwaondolea. Februari 2022 nchi ikagundua haina mikono ya kutosha, ikawafungulia watunzaji wa kigeni viza. Machi 2024 ikawakataza wapya kuja na waume, wake na watoto wao. Julai 2025 ikafunga mlango kwa wanaoajiriwa kutoka ng'ambo. Kutoka makofi hadi kufuli, miaka mitano na ushee.

Wakenya tulikasirika. Tulikuwa na haki. Na ndiyo hasira tuliyo nayo kuhusu dada zetu walioko Saudia na Ghuba nzima chini ya kafala, wanaonyang'anywa pasipoti na kufungiwa ndani. Tunajua kabisa mfanyakazi anayetunza watu anastahili kutendewa vipi. Tumeandika, tumelia, tumechangia tiketi za kuwarudisha.

Kwa nini basi hasira hiyo inaishia uwanja wa ndege? Ingia nyumba za hapa hapa. Kitambulisho cha Mganda kiko kwenye droo ya mwenye nyumba, "kisipotee". Simu anaishika jioni. Jumapili haiwezekani, kwa sababu "Mama ataachwa na nani?" Likizo ni Krismasi, watu wakienda ushago, na akichelewa kurudi anakuta nafasi yake imechukuliwa. Akidhulumiwa hawezi kwenda kituo cha polisi, kwa sababu anajua kabla hajasikilizwa ataulizwa karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja inayozungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Malaba unavuka na kitambulisho tu. Lakini uhuru huo ukimfikisha mtu jikoni kwako, unaufungia kwenye droo.

Kulikuwa na mkutano wa familia kuhusu pesa za kumtunza Mama. Mjomba mmoja akauliza kwa nini tunamlipa dada vile tunavyomlipa. "Huyo si Mganda tu? Kwao hiyo ni pesa nyingi." Nilimheshimu kwa sababu ni mjomba, lakini swali lake halistahili heshima. Ndilo jambo anaambiwa dada yangu huko aliko: mbona unalalamika, si ukituma Kenya hizo ni pesa nyingi? Maisha ya Mbale kuwa na bei nafuu hayampunguzii Mama uzito. Mgongo wa aliyevuka Malaba unauma sawasawa na wangu.

Pesa zetu zinatembea hivi. Mwingereza mzee, au serikali yake, inalipa makao. Makao yanamlipa dada yangu. Yeye anatuma Umoja. Sisi tunamlipa dada wa Mbale. Yeye anatuma kwao, ambako mama yake mwenyewe ana sukari na anaangaliwa na mpwa wa miaka kumi na kitu, ambaye halipwi na mtu yeyote. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika kuhusu minyororo kama hii mwaka 2000, lakini huhitaji kitabu kuiona. Kila mama katika mstari huu anatunzwa na binti wa mama mwingine, na kadiri mstari unavyoenda ndivyo malipo yanavyokonda, hadi yanafika kwa mtoto na kuisha kabisa. Ukikata mshahara wa dada wa Mbale, ni mkebe wa dawa wa yule mama unaoukata.

Mtasema hamna pesa. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zile nyingine, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Kuna nyumba ambazo 16,000 ndiyo mapato yote ya mwezi, na huko watu wanabebana wanavyoweza. Sina neno nao. Lakini hata kwa hao kuna wa kuulizwa. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada wa kadiri kutoka kwa familia zao na Serikali. Kimetaja wawili. Yule wa pili anatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na mpaka uwe umefika miaka 70. Pampasi za mtu mzima zinaimaliza hiyo kabla ya wiki mbili. Serikali hiyo hiyo inatia saini mikataba ya kupeleka wafanyakazi nje, Uingereza mwaka 2021, Ujerumani mwaka 2024, na kila mwaka inajisifu kwa pesa za diaspora, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Haijawahi kutuambia nani atabaki na wazee wa hao wanaosafiri. Jibu inalo: mwanamke maskini kutoka mahali maskini zaidi, kwa bei mtakayopatana.

Hiyo ni ya serikali. Ya kwetu sisi wenye nafasi kidogo nitaisema bila kuizungusha. Mzee akifa, pesa zinapatikana. Kamati inaundwa usiku huo huo. Kikundi cha WhatsApp kinajaa watu ambao hawajawahi kuja kumwona mgonjwa. Namba ya M-Pesa inatumwa, binamu wa Dallas anatuma, wa Doha anatuma, na kwa wiki mbili familia iliyokuwa haina 16,000 kwa mwezi inachanga laki tano. Jeneza lenye vioo. Mabasi mawili. Hema, ng'ombe, spika, na kijitabu cha rangi chenye wasifu wa marehemu.

Nimesoma vijitabu vingi vya aina hiyo. Ukurasa wa shukrani unawataja madaktari, wauguzi, padri au mchungaji, chama cha akina mama, majirani, wenye kutengeneza keki. Aliyemwosha marehemu kila asubuhi kwa miaka minne simwoni. Siku hiyo yeye yuko nyuma ya boma anapakua pilau. Baada ya wiki anapewa nguo kuukuu za marehemu na nauli, na anaambiwa kazi imeisha. Hajapewa notisi, hajalipwa chochote kwa miaka ile. Amefiwa pia, lakini hakuna aliyempa pole.

Familia inayoweza kuchanga kwa ajili ya maiti inaweza kuchanga kwa ajili ya anayeosha mtu aliye hai. Gawanya ile laki tano kwa miezi uone. Sisi kwetu tuliandika mkataba wa ukurasa mmoja. Shilingi 22,000. Dada yangu anatuma, kaka yetu anaongeza, mimi nachangia wateja wakinikumbuka. Karatasi zake za kuwa hapa zilifuatiliwa, na kitambulisho chake anakaa nacho mwenyewe. Agosti na Desemba anaenda kwao kwa malipo, nauli juu yetu. Jumapili ni yake, kuanzia asubuhi mpaka usiku, na mimi ndiye ninayekaa na Mama. Sisemi haya tupigiwe makofi, maana makofi tumeshaona yanaishia wapi. Ninasema kwa sababu Jumapili moja ya kumgeuza, kumlisha na kumbadilisha mtu unayempenda inatosha kukuondolea yale maneno ya "si kazi kubwa". Jumatatu asubuhi mgongo wangu unajua bei.

Kuna watakaosema nimegeuza upendo kuwa hesabu. Dada anampenda Mama, mnaona, sasa mbona unaleta mambo ya kifungu cha ngapi? Ndiyo, anampenda. Naliona hilo kila siku, halihitaji wakili. Ila upendo ni wake, anautoa akitaka. Haumo kwenye kazi tuliyomwajiri, na hatuna haki ya kuuhesabu kama sehemu ya mshahara. Zaidi ya hapo, upendo huo ndio unaomfanya awe rahisi kudhulumiwa. Fundi wa mawe asipolipwa anaweka mwiko chini, na nyumba inasimama hivyo hivyo ikimngoja. Huyu akiweka kazi chini kwa saa tatu, Mama analowa. Anajua. Waajiri pia wanajua. Ndiyo maana mshahara wake unaweza kucheleweshwa mwezi, miezi miwili, na bado asubuhi uji uko tayari. Huko ni kumshika mtu mateka kwa kutumia moyo wake mwema, na neno "kama" ndiyo kamba yenyewe.

Kama nyumbani kwenu yuko mwanamke aliyetoka mbali, awe wa Mbale, wa Busia au wa Kitui, anamtunza mzazi wako sasa hivi unaposoma, usimwandikie shairi. Muulize ni lini mara ya mwisho alilala usiku mzima. Muulize kitambulisho chake kiko wapi. Chukua karatasi, andika mshahara, siku ya kupumzika, likizo na nauli, halafu wote wawili mweke sahihi. Chama cha wafanyakazi, KUDHEIHA, kipo. Mpe namba yao, hata kama wa kwanza kushtakiwa utakuwa wewe. Na mwezi ukiisha, mlipe kabla hujaweka stetasi ya kumshukuru.